Ulizeni habari za yule anayenyamaza



Sisi tuliosoma pamoja ni watoto wa Manono. Kazi kubwa ya bati ya Zaïrétain ilisimama katika miaka ya 1980, na vita ya 1998 mpaka 2003 ikatutawanya. Leo mmoja wetu ni mwalimu kule Kalemie, mwingine ni muganga Lubumbashi. Mwingine alibaki hapa, anachimba kasiteriti kwa nyundo na koleo. Dada mmoja ni mjane, anauza mihogo sokoni, na watoto wake watano wote wanasoma.

Habari hizi tunapashana kwa simu. Lakini sikia: aliyepata kazi ndiye anasema wa kwanza. Aliyekosa ananyamaza, maana anaogopa swali lile, "Na wewe, uko wapi sasa?" Mwenzetu mmoja alinyamaza miaka mitatu. Watu wakasema ana kiburi. Kumbe mtoto alikuwa mgonjwa, na mshahara haufiki. Tulipojua, tulichanga franka, kila mtu kwa kadiri yake.

Siku hizi wote wanaongea juu ya litiamu ya Manono. Ninyi vijana, kuna watakaopata kazi pale, na kuna watakaokosa. Msipimane kwa kazi. Baba zetu walikuwa na kazi, na kazi ikaisha. Waliobaki ni watu.

Basi, jioni hii mpigie yule aliyenyamaza. Muulize kwanza bibi na watoto wako namna gani. Habari ya kazi atakuambia mwenyewe.