Jioni Moja Mpakani

Nilipokuwa na miaka 20, nalisafiri kutoka Homa Bay kwenda Musoma kumtazama shangazi yangu. Gari liliharibika karibu na Rongo, nikafika Isebania, mpakani, jua likitua. Mtu mmoja mwenye maneno matamu akajitolea kunivusha kwa njia ya panya na kunipa malazi kwake. Nusura nikubali, maana niliona haya kumkatalia. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza, "Mwanangu, wamjua huyu?"

"La, mama."

"Basi keti hapa nami."

Yule mtu akatokomea. Mama akaniongoza hadi nyumba ya wageni aliyoijua, na asubuhi nikavuka kwa njia ya halali.

Tangu siku ile huwaambia wanafunzi wangu kwamba kukataa si utovu wa adabu. Msafiri na awaarifu watu wake njia atakayopita na saa ya kuwasili. Lakini hadhari haizuii kila balaa, na aliyebakwa hana hatia. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya, ya mwaka 2006, humwadhibu mbakaji. Mtu akipatwa ugenini, asingoje kurudi kwao. Aende upesi hospitali iliyo karibu, kabla ya kuoga wala kufua nguo, kwani dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Haya ilikaribia kuniponza mimi. Isimwibie yeye saa hizo.