Hesabu za Kahawa katika Tarakilishi Mpya

Umezoea kuona nguo ikichakaa na jembe likiisha makali, lakini labda hujapata kuona hesabu iliyo sahihi ikikosa wa kuisoma. Mimi nimeiona, tena Mukurweini, ile nchi ya migongo na mabonde iliyo kusini mwa Nyeri, ambako kahawa na maziwa ndiyo karo ya watoto wengi.

Chama kimoja cha ushirika wa kahawa, ambacho sitakitaja kwa jina, kiliweka hesabu za wanachama wake katika programu iitwayo Lotus 1-2-3 tangu miaka ya 1990. Programu hiyo ni lahajedwali, yaani ukurasa mpana uliogawanywa vyumba vidogo vidogo, na katika kila chumba huandikwa neno, tarakimu, au kanuni ya kukokotoa. Ukibadili kilo za mkulima mmoja, malipo yake na jumla ya kiwanda hubadilika papo hapo. Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, ndio waliotangulia kuileta kazi hii katika tarakilishi ndogo kwa VisiCalc yao ya mwaka 1979. Lotus ilifuata mwaka 1983, ikatawala miaka mingi, kisha Excel ikaipokonya kiti. Mwaka 2014 kampuni ya IBM, iliyokuwa imeinunua, iliacha kuihudumia.

Mashine ya chama ilipozeeka, ilinunuliwa mpya, nayo ikakataa katakata kuiendesha Lotus. Si kiburi. Programu ile iliandikwa kwa vichakataji vya biti 16, na Windows ya biti 64 haina tena mlango wa kupitisha kazi za namna hiyo. Excel ya siku hizi nayo haifungui majalada ya Lotus.

Kabla sijaitwa, fundi mmoja alikwisha kutafuta njia ya mkato. Aliyageuza majalada kuwa maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, akayafungua katika programu mpya. Tarakimu zilionekana vizuri, ila kanuni zote zilikuwa zimetoweka: jibu limebaki, njia ya kulipata haipo. Hilo lilikuwa dogo. Wanachama wa kiwanda cha kwanza walikuwa na namba zinazoanza na sifuri, na wa kiwanda cha pili hawakuwa na sifuri hiyo. (Aliyebuni mpango huo, nadhani, alikuwa akiwaza daftari la karatasi.) Programu mpya ilipoisoma 0417 iliiona kuwa ni tarakimu tu, ikaitupa sifuri. Basi mjane wa 0417, mwenye miche michache, na mwalimu mstaafu wa 417 wakawa mtu mmoja. Kilo zao zikachanganywa, na deni la mbolea la mmoja likakatwa katika fedha za mwingine.

Aliyegundua ni karani, mama mtu mzima aliyewajua wanachama kwa sura. “Kijana wangu,” aliniambia, “huyu mwalimu hajakopa mbolea tangu nimfahamu.”

Tuliyarudia majalada ya asili kwa LibreOffice, programu itolewayo bure, ambayo bado huyasoma ya Lotus. Sifuri zilikuwamo zote! Karani wa zamani alikuwa ameandika ritifaa mbele ya kila namba, alama iliyoiambia Lotus kwamba hili ni jina, si tarakimu ya kujumlishwa. Kisha tukaweka DOSBox, programu inayoigiza mashine ya zamani ndani ya mpya, tukaiendesha Lotus yenyewe kando, tukalinganisha mwanachama kwa mwanachama kwa siku tatu. Amri za kuchapa stakabadhi hazikukubali kuhama. Hizo tuliziandika upya.

Katika kulinganisha tarehe nilikumbuka jambo la ajabu. Lotus huhesabu kwamba mwaka 1900 ulikuwa na siku 366, ingawa Februari yake ilikuwa na siku 28 tu. Waliotengeneza Excel waliiga kosa hilo kwa makusudi ili hesabu za wateja zisipishane, nalo limo mpaka leo. Kwa bahati njema hakuna aliyeleta kahawa kiwandani tarehe 29 Februari 1900.

Chama kiliazimia kwamba namba zote za kiwanda cha pili zianze na 2. Mwalimu peke yake alikataa. Alisema ameizoea 417 tangu alipopanda miche yake ya kwanza. Karani hakubishana naye. Alimwachia namba yake, akaitia ritifaa mbele, na msimu wa mavuno ulipofika mwalimu na mjane walilipwa kila mmoja kwa kilo zake.