Silinda ya Sita

Miezi mitatu mizima lile gari halikutulia. Likiwashwa asubuhi uani, kisiwani Mombasa, lilitetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi; mguu ukiondolewa kwenye mafuta, lilisitasita, mara likazima. Njiani lilikuwa goigoi. Mlima wa Mazeras, ambao zamani liliupanda likinguruma kwa raha, sasa liliupanda likihema, malori yenye shehena yakilipigia honi kwa nyuma.

Ni Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani la miaka ya 1969 hadi 1973, lenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Watu wa makamo wa Afrika Mashariki hawahitaji maelezo zaidi. Gari la aina hii lilishinda mbio za Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Mwenyewe, karani mstaafu, alilirithi kwa kaka yake. Marehemu hakuacha shamba wala nyumba, aliacha hilo. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, koili na waya zote, akasafisha kabureta mbili, akalipwa, na homa ikabaki palepale. Wa pili alitoa hukumu: injini imekwisha, ing'olewe, iwekwe ya pikapu. Habari zikamfikia dalali wa vipuri, naye akaahidi kuja Ijumaa na fedha mkononi.

Wa tatu, kijana wa Majengo, alifika Jumatano na kwa kitambo hakugusa kitu. Alisikiliza. Msikivu wa mashairi huutambua mshororo uliopungukiwa na mizani kabla hajauhesabu, na sikio la fundi huyu lilikuwa la namna hiyo.

“Mzee, pigo linalokosekana ni moja,” alisema, “na ni lilelile kila mzunguko.”

Akatwaa koleo lenye mpini wa mpira, akaanza kuchomoa waya wa plagi mmojammoja, injini ikiwaka. Alipochomoa wa kwanza, injini ilizidi kuyumba: silinda ile ilikuwa ikifanya kazi, na kukosekana kwake kumeonekana. Ikawa hivyo kwa ya pili hadi ya tano. Alipochomoa wa sita, ulio karibu na dashibodi, hakuna kilichobadilika. Maiti haipungukiwi na pumzi.

Lakini kumjua mgonjwa si kuujua ugonjwa. Plagi ya sita ilihamishiwa silinda ya kwanza, ubovu haukuifuata. Kabureta ya nyuma nayo hulisha silinda ya nne, ya tano na ya sita, na hizo mbili nyingine zilikuwa nzima, basi lawama ikaondoka hapo pia. Likabaki swali la kompresheni. Kipimo kilionyesha ratili 165 hadi 170 katika silinda tano. Katika ya sita, 90. Akamimina kijiko cha oili ndani, akapima tena. Kama zingekuwa ringi za pistoni zilizolika, oili ingeziba nafasi na kipimo kingepanda. Hakikupanda.

Pistoni ya sita ikapandishwa juu kabisa, vali zote mbili zikiwa zimepaswa kufunga, kisha upepo wa kompresa ukaingizwa kwenye tundu la plagi. Fundi akamwita mzee nyuma ya gari. Wakainama wote wawili. Katika bomba la moshi, ingawa injini imezimwa, palisikika pumzi ndefu, nyembamba, isiyokatika. Vali ya kutolea moshi haikufunga.

Kifuniko kilipoondolewa, fundi alijaribu kupitisha bamba la kupimia nafasi ya vali hiyo. Injini ikiwa ya moto hutakiwa milimita 0.30. Hata bamba la 0.10 lilikataa kupita.

“Nani alizikaza hizi?”

Mzee hakujibu upesi. Miaka miwili nyuma injini ilikuwa na mlio mdogo, tik, tik, tik, uliomkera, akaona ni alama ya uzee. Akachukua spana mwenyewe, akakaza ile iliyolia zaidi, mpaka ikanyamaza. Alijivunia kimya kile. Hakujua kwamba vali ya moshi hupoa kwa kukikalia kiti chake barabara kila mzunguko; ikinyimwa nafasi haikai vizuri, moto hupita ubavuni mwake, nayo huungua kidogokidogo. Siku zote hizo alimlaumu marehemu moyoni kwa kumwachia kitu kibovu.

Alhamisi hedi ilishushwa. Vali ilikuwa imemeguka ukingoni, pengo la ukubwa wa kucha ya mtoto. Ikanunuliwa mpya, kiti kikasagwa, nafasi zote kumi na mbili zikapimwa upya. Dalali alipofika Ijumaa alikuta hedi mezani na mzee akiifuta kwa kitambaa. Alikunywa kahawa, akaenda zake.

Jumapili liliwashwa. Lilitulia, lakini ule mlio ulikuwa umerudi, mdogo, wa haraka, chini ya boneti.

“Huu nao, fundi?”

“Uache, mzee.”

Akauacha. Wakaelekea Mazeras.