Aliwapa Wote Achari ya Mama Yake, Kitu Kimoja Akabaki Nacho

Kama hujawahi kulala Dar mwezi wa kwanza kwenye chumba cha bati, umeme umekata, feni imenyamaza, basi hii stori utaisoma juu juu tu. Saa sita usiku shuka limelowa, mbu wanaimba sikioni, simu ina asilimia 14. Huo ndio ulikuwa muda wa watu kumi na mmoja kuulizana kwenye grupu lao: jamani, wiki hii zamu ya nani?

Zamu yenyewe iko hivi. Kuanzia Desemba, embe zinapojaa mjini, mpaka masika ianze kupiga, kila wiki mtu mmoja analeta vitu vitatu. Kitabu alichokipenda, wimbo, na pishi. Hakuna kutupia linki halafu unakimbia. Unaeleza kitabu ulikisoma ukiwa wapi, wimbo uliusikia kwa nani mara ya kwanza, na hicho chakula nani alikufundisha. Nani alianzisha huo utaratibu? Kila mmoja anasema ni yeye. Zamani wote walipanga nyumba moja Sinza, vyumba saba, choo kimoja, halafu maisha yakawatawanya. Mmoja Tabata, mmoja Mbagala, mmoja Kigamboni, na mmoja alivuka maji kabisa, yuko Muscat anafanya kazi za ndani.

Tuseme ukweli, upande wa vitabu ulikuwa unachechemea. Wengi wao mara ya mwisho kushika riwaya ilikuwa kidato cha nne, wakisoma Takadini na Watoto wa Mama N'tilie ili wajibu mtihani. Dhamira, wahusika, funga kitabu. Yule kaka wa Kigamboni alileta Takadini miaka mitatu mfululizo, na mwaka wa tatu bado alikuwa anaeleza kama anajibu swali la kumi. Nyimbo zake nazo ni singeli tupu. Walishamzoea.

Kwenye muziki mfalme alikuwa jamaa mmoja fundi friji wa Buguruni, mtu wa zilipendwa. Huyo kila Januari lazima aweke Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari kule Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1979, na baba yake fundi alikuwa shabiki wa kulia machozi. Ukimwacha aongee atakupeleka mpaka kwa Siti binti Saad, mwanamke wa Zanzibar aliyepanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Anatuma sauti za dakika nane. Bando linaisha, na mtu hathubutu kumkata.

Sasa turudi kwa dada wa Tabata, maana stori ni yake.

Msimu uliopita ndiye aliyefungua zamu. Kitabu alicholeta kilikuwa Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Alisikia watu wanaisifia ile filamu iliyotengenezwa kutokana na hicho kitabu, iliyotoka 2021, akasema kabla ya kuitafuta ngoja asome kwanza. Akaipata nakala kuukuu kwa wauza vitabu vya mitumba Posta, jalada limebanduka, ina jina la mwanafunzi fulani kwa wino wa bluu. Akaisoma kwa siku nne kwenye daladala. Ni habari ya Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, akamkimbia, ndugu zake wakamkataa, akaangukia kuishi na waswahili wenzake Ng'ambo kule Unguja enzi za Mwingereza.

Alipomaliza kueleza, dada wa Muscat akaandika neno moja tu. "Nisomee."

Yeye kule kitabu cha Kiswahili atakipata wapi? Simu anaishika usiku tu, wenye nyumba wakishalala. Na kuna kitu huwa anawachekesha nacho: wao Dar wakilia joto Januari, kwake ndiyo miezi mizuri ya mwaka, unatembea nje bila kuungua. Joto la kwake linakuja Juni na Julai, wakati wao Dar wanavaa sweta asubuhi. Kwa hiyo anasikiliza mambo ya joto akiwa amejifunika blanketi.

Basi akasomewa. Kila usiku saa tano ya Dar, ambayo kwake ni saa sita, dada wa Tabata anarekodi kurasa tano sita anatuma kwenye grupu. Akiwa zamu ya usiku hotelini anakofanya kazi, anayesoma ni shoga yake wa Mbagala, ndiyo maana kitabu kikawa kinahama Tabata, Mbagala, Tabata, Mbagala. Hata kaka wa Takadini akawa anauliza, vipi Yasmin leo kafikia wapi?

Pishi aliloleta lilikuwa achari ya embe ya marehemu mama yake. Mama alikuwa mtu wa Tanga, alifariki miaka miwili kabla. Dada akaandika vizuri kabisa, hatua kwa hatua. Embe mbichi ngumu unaziosha, unazikata vipande virefu na maganda yake. Chumvi na manjano, unaanika kwenye ungo jua kali siku mbili mpaka zisinyae. Kitunguu saumu, tangawizi na pilipili kali unatwanga. Haradali unaikaanga kidogo kwenye mafuta, unatia vile vya kutwanga, unaweka siki, unaacha ipoe, ndipo unachanganya embe. Unajaza kwenye chupa.

Watu wakapika. Wakatuma picha. Wakasifia.

Ila kuna kitu hakukiandika. Uwatu. Mama yake alikuwa anaukaanga mkavu mpaka unabadilika rangi, anautwanga, anatia kijiko kimoja mwishoni. Ile harufu ndiyo iliyokuwa nyumba yao, na dada alipofika hapo kidole kikagoma. Alijiambia, nikitoa na hiki mimi nabaki na nini? Akaruka, akaandika "unajaza kwenye chupa". Hakuna aliyejua na hakuna aliyeuliza.

Mwishoni mwa Desemba yule shoga wa Mbagala akaachishwa kazi kwenye duka la nguo alikokuwa anauza. Ana mtoto wa miaka minne. Kodi ya miezi sita inadaiwa Februari, na mwenye nyumba wa Mbagala hana lugha mbili. Sasa yeye alikuwa na nini mkononi? Ungo, jua la bure, na embe ambazo kwa msimu ule zilikuwa zinauzwa bei ya kutupa. Akatengeneza chupa arobaini. Akaweka stetasi, chupa 3,000. Ndani ya siku tano zimeisha, na wateja wengine wameshalipia awamu ya pili kwa simu.

Mpaka hapo hamna tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye stika.

Stika aliyobandika iliandikwa "Achari ya Mama, Ladha ya Tanga". Na mama yake huyu dada yuko Kahama, mzima wa afya, hajawahi kuanika embe maishani mwake.

Dada wa Tabata aliiona picha akiwa kwenye daladala. Aliyekaa naye siti moja angedhani kapigiwa simu ya msiba. Hakuandika kwenye grupu, alimfuata pembeni. "Shoga, mama wa nani huyo?" Mwenzake akajibu kwa vikatuni vya kucheka, akidhani ni utani. Kisha akajibu vibaya: "Si ulitugawia mwenyewe? Ungesema tusiuze." Skrinishoti ikatoka, kama zinavyotoka siku zote, na kwenye grupu kukawa hakukaliki.

Kambi mbili. Wa kwanza wakasema pishi ni kama wimbo, ukishauimba mbele za watu umetoka, nani analipia kachumbari? Wa pili wakasema hata kama, angeomba, angesema tu, naomba nitumie jina la mama. Fundi friji akaingilia kwa sauti ya dakika kumi na moja kuhusu wanamuziki wa zamani walioimba nyimbo wakafa maskini wengine wakizila. Haikusaidia. Kilichokuwa kinamuuma dada wala hakikuwa hela. Ni kwamba mtu asiyemjua mama yake, huko Chanika au Gongo la Mboto, anafungua chupa anasema mama huyu anajua, na huyo mama anayesifiwa sio.

Halafu ukungu ukaingia.

Awamu ya pili, wiki ya tatu ya Januari, wateja wakaanza kutuma picha. Juu ya embe kuna utando mweupe, chupa nyingine zinatoa povu. Mmoja akaziposti na namba ya simu ya muuzaji chini yake. Kurudishia watu hela ikawa lazima, na hela yenyewe ilikuwa ndiyo ya kodi. Usiku huo shoga wa Mbagala akaandika kwenye grupu, mbele ya wote: "Najua ulichofanya. Ulituficha kitu makusudi."

Dada alisoma ule ujumbe mara nyingi sana. Alivyojua yeye, achari bila uwatu inapungua utamu lakini haioti ukungu. Kwa hiyo hakuwa na hatia. Lakini kuficha kweli alificha. Utajibuje hapo? Hakujibu. Na kwenye grupu ukimya unasomwa kuwa ndiyo.

Zamu zikafa. Wiki mbili hakuna kitabu, hakuna wimbo, hata singeli hakuna. Joto lilivyo na umeme ulivyo, watu wakawa wanaangalia dari tu.

Aliyevunja ukimya ni wa Muscat. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea ndani ya kabati. Akasema yeye ugomvi wa embe ameusikia, umemzidi. Yeye anachojua ni kwamba Yasmin ameachwa njiani, na kule aliko siku nzima anaitwa kwa kazi tu, hakuna anayemsimulia kitu. Kitabu kiko wapi?

Kitabu kilikuwa Mbagala.

Usiku uliofuata, saa tano, ikaingia sauti. Ni yule wa Mbagala anasoma. Anakwama, anarudia, mtoto analia nyuma, mahali fulani anasema "subirini" kisha anasikika akimbembeleza mtoto, anarudi ameruka aya nzima. Alisoma kurasa nne. Kesho yake nne tena. Dada wa Tabata alikuwa anazisikiliza akiwa kazini, sikio moja, na kila anaposikia aya imerukwa anataka kusema, anajizuia.

Usiku wa nne akaandika pembeni: "Umeruka pale wanapofundishana kuimba." Akajibiwa: "Sijaruka. Ukurasa umegandana. Umemwagikiwa mafuta ya achari."

Jumapili dada akaunga daladala mbili mpaka Rangi Tatu. Alijiambia anafuata kitabu chake. Alipofika alimkuta mwenzake uani, anaosha chupa, anazipindua juu ya ndoo zichuruzike maji, anazichukua hivyo hivyo na matone yake kuzijaza awamu ya mwisho, embe za mwishomwisho alizopata. Dada akasimama anaangalia.

"Hizo chupa huzianiki?"

"Kuanika chupa? Kwa nini?"

Nyumbani kwao chupa za achari zilikuwa zinakaa juu ya bati kutwa nzima, mpaka ukiishika inakuunguza. Na mafuta yalimwagwa juu mpaka yafunike embe zote, hata ncha isionekane. Maji yakibaki humo, umeisha. Hayo hakuyaandika kwa sababu hakujua kama ni ya kuandika, ni mambo ambayo mama alikuwa anayafanya bila kusema na yeye amekua anayaona. Hakuyaficha. Hayakumjia tu kichwani.

Wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wakamwambiana hayo, na maneno mengine ambayo hayakuwa matamu. Stika akasema itoke. Mwenzake akasema itatoka, ila hela ya kuchapa nyingine hana, atakata neno "Mama" kwa kiwembe. Wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu ambao bado hawajapatana sawasawa. Kodi bado ilikuwa haijatimia. Chupa zikapandishwa juu ya bati.

Jua lilipoanza kushuka dada alichukua kitabu, kweli kurasa mbili zimegandana na zinanukia kitunguu saumu, akakitia kwenye mkoba. Akafika mlangoni. Akasimama pale muda, mtoto anamvuta gauni.

"Una uwatu humo ndani?"

"Uwatu? Si ule wanaopaka kwenye nywele?"

"Vaa ndala," akasema. "Twende dukani kabla hawajafunga."