Kapsuli zimegoma, kahawa ya mama mkwe ipo kabatini!

Wadau, kuna bibie mmoja wa Kinondoni, kaolewa juzi tu, kwenye kitchen party akazawadiwa mashine ya kahawa ya Nespresso. Kapsuli za kwanza zilipoisha akaagiza za bei poa mtandaoni. Zimefika, haziingii! Kumbe mashine yake ni Vertuo, inayosoma msimbo kwenye ukingo wa kapsuli. Alizonunua ni za Original, vile vidogo vya gramu 5 hivi. Jina la kampuni moja, ila hazibadilishani ng'o.

Wakati huo kahawa aliyotumiwa na mama mkwe kutoka Rombo, ya shambani kwake, iko kabatini haijafunguliwa. Mume kaiona, kanyamaza. Kimya kile, jamani, bora angefoka.

Bibie akaiuza Vertuo, akachukua Original ya mkononi pamoja na kapsuli ya chuma ya kujaza mwenyewe. Kikombe cha kwanza maji matupu. Cha pili akasaga laini zaidi, akashindilia kidogo: povu hilo! Akamtumia mama mkwe picha.

Jibu likaja kwa sauti: "Asante mwanangu. Kikombe mbona kidogo hivyo?"