Champali Zilizorudi Nyumbani

Wahenga walinena, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Nami leo, ndugu msomaji, nayafichua yangu.

Siku chache kabla ya Idi, mama aliniamuru niondoe vitu vikuukuu vilivyojaa chini ya ngazi, nyumbani kwetu Ndia Kuu. Nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Sufuria zilizotoboka alizichukua, pasi ya makaa akaipima, hata nyaya za shaba hakuziacha. Kisha akashika mkokoteni wake.

"Na hivi je?" nikamwuliza, nikimwonyesha televisheni ya zamani yenye kisogo, godoro la sponji na gunia la champali zilizokatika.

"Hivyo havina bei, kijana," akajibu, wala hakugeuka.

Hapo ndipo nilipofahamu. Chuma huyeyushwa kikarudi kuwa chuma. Champali je? Soli ni aina moja, ukanda aina nyingine, na hakuna wa kukaa kuzitenganisha. Kioo cha televisheni zile nacho kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Televisheni na godoro nikavirudisha chini ya ngazi. Gunia, shetani akaninong'oneza. Baada ya Isha nikateremka ufuoni, nikalimwaga.

Asubuhi ya pili babu, ambaye ni mvuvi, alirudi na champali moja mkononi. Ukanda wake ulifungwa kwa waya, na waya ule aliufunga yeye mwenyewe.

"Imenasa wavuni," akasema taratibu. "Bahari hii ndiyo ikulipiayo karo, mwanangu. Nawe waifanya jaa?"

Laiti angalinichapa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa nimesoma habari za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki tani 10 hivi na kuvikwa champali kama 30,000. Lilishushwa majini 2018, na 2019 likasafiri hadi Unguja. Nikadhani dawa imepatikana. Kumbe jahazi ni moja, nasi tunaotupa ni wengi mno.

Maji yalipokupwa nilirudi ufuoni. Niliokota champali 19 tu. Nyingine zimekwenda na maji. Gunia limerudi chini ya ngazi, na mama bado anung'unika. Siku hizi champali yangu ikikatika naipeleka kwa fundi wa viatu, mpaka fundi mwenyewe aikatae.

Wenzangu, kabla ya kununua kitu, tujiulize: kikiharibika, kitakwenda wapi?