Fungate Bila Harusi

Neno fungate kwa watu wa pwani lina heshima yake. Bwana na bibi harusi wanakaa ndani siku saba, wanaletewa chakula, hawatumwi wala hawasumbuliwi, na huku nje kila mtu anajua kwamba siku ya nane dunia itawadai. Sisi wa bonde la Rukwa neno hilo tumelikuta shuleni na redioni. Sikutegemea hata siku moja kulisikia kwa daktari, tena likinihusu mimi ambaye sijaoa, mwenye miaka 27, na siku hiyo kwenye mizani nilikuwa na kilo 57 pamoja na viatu.

"Kijana wangu," alisema, "upo kwenye fungate."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akaendelea kuandika.

Ndugu msomaji, ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Nilikuwa Mbeya mjini, Mwanjelwa, nafanya kazi kwenye kibanda cha kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu, jioni narudi geto na washikaji. Kiu ikaanza. Si kiu ile ya jua. Hii ukinywa lita moja ni kama umemwagia maji mchangani. Usiku naamka kukojoa mara tano, mara sita, mpaka washikaji wakanipa jina ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Suruali zikaanza kunikimbia. Zahanati moja wakapima, wakasema kisukari, wakanipa vidonge, kwa sababu mimi ni mtu mzima na mtu mzima, walivyosema, anaanzia kwenye vidonge. Wiki ya tano nikaanza kutapika, pumzi zikawa nzito kama za mtu aliyepanda mlima, na mdomo ukanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Mashine ilisoma 29.4. Mtu mzima wa kawaida asubuhi kabla ya kula hafiki 6. Nililazwa, nikatundikiwa dripu, nikachomwa insulini, na ndiyo maana naandika leo.

Wengi tunaamini kisukari ni cha wazee wenye vitambi, na kile cha sindano ni cha watoto. Mimi sikuwa na kitambi wala sikuwa mtoto, kwa hiyo kila aliyeniona alitafuta ugonjwa mwingine wa kunipa, na unajua mtu akikonda ghafla huku kwetu watu wananong'ona nini. Kumbe aina ya kwanza haiulizi cheti cha kuzaliwa. Muingereza mmoja, Robin Lawrence, naye alikuwa daktari, aligundulika nacho mwaka 1920 akiwa tayari kijana mkubwa, wakati insulini haijapatikana. Ilipogunduliwa Toronto, na mtoto wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson kuwa wa kwanza kutibiwa nayo Januari 1922, Lawrence aliiwahi mwaka uliofuata akiwa hoi, akaishi mpaka 1968. Mwaka 1934 alianzisha chama cha wagonjwa wa kisukari akiwa na H. G. Wells. Ndiyo, huyo huyo mwandishi wa riwaya! Nawatajia ninyi mnaoandika, msije mkadhani ugonjwa huu na kalamu ni vitu visivyofahamiana.

Nilipotoka wodini nilikuwa nachoma yuniti 34 kwa siku: asubuhi 22, jioni 12, insulini ile ya mchanganyiko, nyeupe kama maziwa, ambayo unaiviringisha viganjani kwanza usiitikise. Geto halina mtu wa kukuamsha usiku. Mama akasema njoo nyumbani. Nikapanda gari Mbalizi nikashuka bondeni Galula.

Kwa wasiopajua, Galula ipo Wilaya ya Songwe, kwenye barabara ya Mbalizi kwenda Mkwajuni na Makongolosi. Zamani tulikuwa Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2016 mkoa ukamegwa, tukalala Mbeya tukaamka Songwe bila kuhama kitanda. Pana misheni kongwe, pana mpunga, ufuta, ng'ombe wasiohesabika, na mto Songwe unaopita kwenda kumwaga Ziwa Rukwa. Na pana joto. Joto la Galula mwezi wa kumi si la kusimulia, hata kuku wanatembea midomo wazi. Friji nyumbani hatuna. Nesi alikuwa amenionyesha chungu ndani ya chungu: kikubwa chini, kidogo ndani, katikati mchanga unaoloweshwa asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Mama aliutazama mpango wote akasema, "Kumbe mtungi wa bibi yako ndiyo friji." Baadaye nilisoma, na nikamsomea, kwamba Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walifuatilia joto la nyumba kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Walikuta linapanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Wakaiweka insulini kwenye joto la namna hiyo wiki nne, na matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yakaonyesha haikupoteza nguvu zaidi ya sehemu moja kwa mia. Mama alisikiliza, halafu akaenda kulowesha mchanga.

Sasa fungate yenyewe. Wiki ya saba nipo kivulini nachambua mchele, nimechoma dozi ile ile, nimekula ugali ule ule na samaki wa Rukwa, mara mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka la baridi, katikati ya joto lile! Maneno nayaona yanapita mbele yangu siwezi kuyakamata. Mama alinikoroga sukari vijiko vitatu kwenye kikombe, akaniambia kunywa kama vile nina miaka minne. Mashine: 2.7. Kesho kutwa yake tena, 3.1. Nikapanda gari kurudi kwa daktari, na ndipo aliponiambia neno lile.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza kwa lugha yangu. Ndani ya kongosho kuna seli zinazotengeneza insulini. Siku moja kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kulinda, inazigeukia. Ni kama sungusungu wa kijiji waje wamkamate mwenye nyumba kwa tuhuma za wizi wa ng'ombe wake mwenyewe. Wanaziua kidogo kidogo. Mpaka ufike hospitali unatapika, nyingi zimekwisha kufa, na zilizobaki zimelewa kwa sukari iliyojaa kwenye damu, hazijiwezi. Insulini ya sindano ikiingia inazipunguzia mzigo. Zinapumzika, zinajifuta vumbi, zinarudi kazini. Kwa hiyo sindano zinakuwa na msaidizi, na dozi ya jana inakuwa kubwa mno leo. Kwa watoto hali hiyo mara nyingi ni fupi. Kwa sisi tuliougua ukubwani huweza kuwa ndefu zaidi, miezi, wengine mwaka na kupita. Lakini sungusungu hawajaondoka. Bado wapo mlangoni.

Dozi ikashuka: 20 kwa siku, halafu 14, halafu 10, asubuhi sita na jioni nne. Yuniti kumi! Nilirudi kilo 61. Mashavu yakajaa. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza, na nasema kasheshe kwa maana kuumwa ukiwa umekonda watu wanakuachia ugonjwa wako, lakini kuumwa ukiwa umependeza, kila mtu ana hisa.

Kwanza chupa. Chupa moja ya insulini ina yuniti 1,000, na ikishafunguliwa ina wiki chache tu, nne mpaka sita, kutegemea ni ya aina gani na inakaa wapi. Mimi kwa joto letu nahesabu nne. Kumi kwa siku mara siku 28 ni 280. Yuniti 720 zinabaki, ni za kumwaga. Mama amelima mpunga maisha yake yote, punje ikianguka anaiokota. Mara ya kwanza aliponiona namimina dawa chooni alishika kichwa. "Mwanangu, umeinunua kwa fedha, umeilea kwenye chungu kama mtoto mchanga, halafu unaimwaga? Basi si ndiyo kusema huihitaji?" Ukilitazama kwa macho yake, hesabu inakubali. Dawa inabaki, mgonjwa ananenepa, kila mwezi anachoma kidogo kuliko mwezi uliopita. Ukiuchora mstari wake, unafika sifuri.

Mama mdogo alikuja kutoka Mkwajuni. Yeye ameokoka, na ananipenda, hilo lisitiwe shaka. Siku nilipolazwa alifunga siku tatu. Sasa aliniona nakula wali, nacheka, akaniuliza nachoma ngapi. Nikamwambia. Akauliza mwanzoni zilikuwa ngapi. Nikamwambia. Akapiga kigelegele pale pale uani mpaka majirani wakachungulia. Jumapili ile alitaka nisimame mbele ya kanisa lao nitoe ushuhuda, na niache sindano nyumbani, maana mtu hashuhudii kupona huku ana dawa mfukoni.

Nilikosa usingizi usiku ule, si kwa sababu sikujua jibu. Nililijua. Niliwaza jinsi ushuhuda ule ambavyo ungekuwa mtamu, na kila kitu ndani yake kingekuwa kweli: nilikuwa nakufa, wakaniombea, sukari ikashuka, tazameni mashine. Nikamkumbuka Babu wa Loliondo. Mwaka 2011 nilikuwa shule ya msingi, nchi nzima inazungumzia Samunge, magari yamepanga foleni ya kilomita na kilomita, kikombe shilingi 500, na kisukari kilikuwa kwenye orodha ya magonjwa ambayo watu waliamini yanaponywa. Simsemi marehemu, alifariki mwaka 2021, na sidhani kila aliyetoa ushuhuda alikuwa muongo. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu akiwa kwenye fungate, chochote atakachokunywa wiki hiyo kitaonekana kimemponya. Mwarobaini, kikombe, maombi, hata togwa. Vipimo vyenyewe vitamsimamia. Anaporudi hoi miezi kadhaa baadaye hakuna anayemwita tena mbele kushika kipaza sauti, na wale waliomsikia wakatupa sindano zao, nani atawafuata nyumba kwa nyumba?

Asubuhi nilimwambia, "Mama mdogo, nitasimama. Nitasema Mungu amenitoa wodini. Lakini nitasema na yuniti kumi."

"Ukisema kumi, mwanangu, utakuwa umeharibu."

"Basi nisisimame."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaomba nimwonyeshe sindano inavyochomwa, akatazama tumbo langu lilivyo na madoa, akageuza uso. Jumapili alikwenda peke yake. Alisema nini huko, hajaniambia, nami sijamuuliza.

Wala mimi mwenyewe sina uhakika wote ninaoutangaza. Kuna vipimo vya damu vya kuonyesha kama kweli kinga ya mwili ndiyo iliyofanya uharibifu, nami bado sijavipata. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, wote walioambiwa wana aina ya kwanza. Kama 65 kwa kila mia hawakuwa na zile kingamwili zinazotarajiwa. Miaka mingi kabla, Muhimbili, daktari McLarty na wenzake waliwaandikisha wagonjwa wapya 1,250 kati ya 1981 na 1987: waliohitaji insulini 272, wasioihitaji 825, na 153 ambao haikujulikana wawekwe wapi. Ninawafikiria sana hao 153. Huenda mimi ni mwenzao, na fungate yangu si fungate bali ni kitu ambacho bado hakijapewa jina zuri. Daktari nilipomuuliza alisema, "Kwa sasa jibu ni lile lile. Pima, andika, choma, usiache." Nikaona ana haki.

Kuna na binti mmoja Mwanjelwa. Aliniuliza kwa simu kama nimepona. Nilimwambia nipo fungate. Kimya. "Na nani?" akauliza. Ilinichukua vocha nzima kumweleza, na mwisho akasema hajawahi kumsikia mtu anayeenda fungate kabla ya kutoa posa. Alikuja Galula Pasaka, akalala kwa shangazi, akajifunza kusoma mashine. Zaidi ya hapo sisemi, yeye naye anasoma magazeti.

Wiki iliyopita daftari langu linasomeka hivi, asubuhi kabla ya kula: 6.4, 7.9, 8.8, 9.3, 9.6. Sikuwa nimekula tofauti. Sikuwa na homa. Chupa ilikuwa mpya, nilibadilisha kwa kuishuku, namba zikaendelea kupanda. Nilimpigia daktari, akauliza maswali yake, akasema asubuhi ongeza mbili, jioni acha hapo hapo, baada ya siku tatu nipigie.

Mama alikuwa anasikiliza akiwa amechuchumaa kwenye chungu. Alitoa chupa, akaipangusa maji kwa khanga, akanipa. Siku hizi anahesabu na mimi mistari ya bomba la sindano, kichwa chake karibu na changu, ananukia moshi wa jikoni.

"Nane?" akauliza.

"Nane, mama."

Akaitazama chupa kwenye mwanga wa mlango. "Basi mwezi huu tutamwaga kidogo," akasema, akaenda kuangalia chai.